Ndimu, chumvi na jivu vinaua sarafu za kale

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa maarifa ya nyumbani umewashauri wasomaji wenye sarafu za zamani wazisugue kwa ndimu na chumvi, na zile zilizopiga weusi wazipige jivu kwa makumbi ya nazi mpaka zing'ae. Naomba nafasi niupinge ushauri huo kabla haujamaliza sarafu zilizobaki kwenye makasha ya wazee wetu. Sufuria ikisuguliwa hivyo haipotezi kitu, maana kazi yake ni kupikia. Thamani ya sarafu iko usoni, na uso ukishakwanguliwa haurudi.

Tuanze na hicho kinachoitwa uchafu. Juu ya sarafu ya kale hukaa vitu vya aina mbili, na anayetaka kuisafisha lazima kwanza avitofautishe. Kuna kilichotoka nje: jasho, mafuta ya mikono, udongo, masizi ya jikoni, gundi ya selotepu, ute wa plastiki unaoachwa na vifuko laini. Na kuna kilichotokana na sarafu yenyewe: weusi wa fedha, ukahawia wa shaba, kutu ya kijani. Weusi wa rupia, kwa mfano, ni madini ya fedha yaliyoungana na salfa itokayo kwenye hewa, moshi au mpira. Haukupakwa juu yake. Ni sehemu ya rupia iliyogeuka. Cha nje kinaweza kutolewa bila metali kuguswa. Cha ndani hakitoki bila kuondoka na kipande cha sarafu.

Sarafu zenyewe si ngeni kwa wasomaji. Kuna pesa ya shaba ya Sultani Barghash yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Kuna rupia na pesa za kampuni ya Waingereza zenye neno Mombasa, za 1888. Kuna pesa za kampuni ya Wajerumani za 1890 hadi 1892, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, kisha heller zilizoanza 1904, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Kuna shilingi za simba zilizoanza 1921, kuna senti kumi na ndururu zenye tundu, na kuna riale ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo imeandikwa 1780 hata ikiwa ilipigwa zaidi ya miaka mia baadaye. Kila moja ina metali yake, na kila metali ina namna yake ya kuharibika.

Chukua heller 5 ile kubwa ya shaba, ya 1908 au 1909, ambayo haikuzunguka sana. Ishike kwa ukingo chini ya taa moja, uizungushe taratibu. Sarafu ilipopigwa, chapa iliikandamiza na metali ikatiririka kuelekea ukingoni, ikaacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu. Mwanga hukimbia juu ya mistari hiyo kama spoku za gurudumu la baiskeli linalozunguka. Mng'ao huo ndio anaoulipia mnunuzi. Sasa chukua nyingine iliyosuguliwa. Inang'aa pia, pengine zaidi, lakini mwanga wake hautembei. Umetulia mahali pamoja, na ukikaza macho unaona mikwaruzo kama nywele imelala upande mmoja, ule mkono ulikokuwa unakwenda. Mjuzi huiona kwa sekunde tatu. Kampuni kubwa za Marekani zinazopima hali za sarafu, PCGS na NGC, haziipi sarafu kama hiyo daraja la namba kama nyingine. Huiwekea alama kwamba imesafishwa, na bei huporomoka.

Ndimu sasa. Asidi yake huyeyusha utando wa kahawia, na shaba hutoka ikiwa na rangi ya waridi, kama ngozi iliyochubuka. Mwenyewe hufurahi. Baada ya wiki chache rangi ile hugeuka mabaka mabaka, na haitarudi tena kuwa kahawia tulivu iliyochukua miaka mia moja kujengeka. Hata hivyo ndimu peke yake ingekuwa nafuu. Kinachoua ni chumvi. Kloridi yake huingia kwenye vitundu vidogo vya metali na kuungana na shaba. Hewa ikiwa kavu inakaa kimya. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 45, inaanza kazi: inachukua maji na oksijeni, inatoa asidi kali, asidi inakula shaba mpya, na shaba hiyo inazaa kloridi nyingine. Mzunguko hauishi. Unaanza kuona vidonda vya unga wa kijani mpauko, ukiuchokoa unamomonyoka, na chini yake kuna shimo. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa shaba. Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi tu, kwa hiyo anayeipaka sarafu ya shaba chumvi huku kwetu pwani ameipa ugonjwa na hali ya hewa ya kuulea.

Jivu lina makosa mawili. Kwanza lina chembe ngumu kama mchanga, nazo hukwaruza. Pili, likikutana na maji hutoa maji makali mfano wa magadi, nayo hula alumini. Hili ni muhimu kwa wenye senti moja ndogo nyeupe za Afrika Mashariki na Uganda za 1907 na 1908, nyepesi kama karatasi. Hizo ni alumini. Zilibadilishwa mapema, kuanzia 1909, kwa sababu hazikustahimili hali ya hewa ya huku, na zilizobaki zenye uso mzima ni chache. Usizipe jivu, wala bikaboneti, wala ile mbinu inayosifiwa sana ya kuzungushia karatasi ya alumini ndani ya maji ya moto. Kwa kijiko cha fedha mbinu ile inafaa. Kwa rupia, inarudisha weusi kuwa fedha lakini kwa hali ya chembechembe zisizoshikamana, ndiyo maana sarafu hutoka imepauka kama imepakwa chokaa.

Dawa ya meno ina unga wa kukwangulia meno. Soda nyeusi ina asidi ya fosfori. Stili waya sina haja ya kuieleza. Dawa ya kuchovya ya masonara ni asidi iliyochanganywa na kemikali inayoyeyusha weusi wa fedha; wafanyabiashara wengine huichovya sarafu kwa sekunde mbili tatu na kuisuuza papo hapo, lakini kila mchovyo unakula ile mistari ya mng'ao niliyoitaja, na mchovyo wa tatu au wa nne huacha sarafu iliyokufa, nyeupe isiyo na uhai. Asiyejua anachofanya asiiguse.

Shilingi za simba za 1921 hadi 1946 zina tatizo lao. Fedha iliyomo ni robo tu. Robo tatu ni metali nyingine, shaba ikiwa nyingi. Ule weupe wa usoni ni ngozi nyembamba. Ukisugua, unaivuka, na rangi ya manjano inayokaribia wekundu inaanza kutokea puani mwa simba na kwenye vilele vya milima nyuma yake, sehemu zilizoinuka. Wengi wakiona hivyo hudhani wameuziwa bandia, wakazidi kusugua. Siyo bandia, wamefika ndani.

Na sarafu za Tabora naomba zitazamwe kwa jicho la huruma zaidi. Mwaka 1916, vita vikiwa vimekata meli, Wajerumani walipiga huko heller 5 na heller 20 za shaba ya njano, nyingine za shaba nyekundu, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Zile heller zilipigwa kwa haraka na kwa mitambo isiyokuwa ya kazi hiyo. Zina nyufa, kingo zisizonyooka, herufi zilizofifia tangu siku ya kwanza. Kasoro hizo ndizo historia yake. Asiyejua huziona uchafu. Shaba ya njano ni shaba na zinki, na asidi huitoa zinki kwanza. Heller 20 ya Tabora iliyolala kwenye ndimu usiku mmoja huamka na mabaka ya waridi, na mabaka hayo hayana tiba. Ile ya tembo haishiki kutu ya maana, lakini kitambaa cha sonara nayo kinaikwangua.

Kwa hiyo nini kifanyike? Mara nyingi, hakuna. Sarafu kavu, yenye rangi iliyotulia, isiyonata na isiyotoa unga, iache. Inayonata, yenye udongo, gundi au ute, inaweza kusaidiwa hivi.

Fanya kazi juu ya taulo lililokunjwa, sarafu ikiponyoka isipige meza. Ishike kwa ukingo siku zote. Weka sarafu moja moja kwenye bakuli la kioo, kamwe si mbili pamoja, maana hukwaruzana. Mimina maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Soma chupa vizuri: dukani hukaa jirani na asidi ya betri, na asidi hiyo ni hatari kwa ngozi na macho, achilia mbali sarafu. Maji ya bomba yana klorini na chumvichumvi. Ya kisima cha pwani ndiyo mabaya kabisa. Acha saa 24, ukibadilisha kila yakichafuka. Udongo mwingi huachia hapo hapo bila kuguswa.

Kama kuna mafuta ya mikono, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye robo lita ya maji hayo linatosha. Tikisa bakuli, usisugue. Suuza mara tatu kwa maji mapya ya aina ile ile. Kisha lalisha sarafu juu ya kitambaa laini cha pamba, ufunike kwa upande wa pili wa kitambaa na kubonyeza. Kubonyeza, si kufuta. Mchanga mmoja uliobaki, ukifuta, unachora mstari kutoka shavu la mfalme hadi ukingoni.

Gundi, nta na ute wa plastiki havitoki kwa maji. Hapo inatumika asetoni halisi, inayopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Ile ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu imetiwa maji, manukato na mafuta, na ikikauka inaacha utando mpya. Asetoni haili fedha wala shaba. Inayeyusha uchafu tu. Tumia vikopo viwili vya kioo vyenye vifuniko, mililita 30 kila kimoja. Plastiki nyingi huyeyuka ndani yake na kuganda juu ya sarafu, basi usijaribu bakuli la plastiki. Loweka kwenye kikopo cha kwanza nusu saa, zungusha taratibu, kisha hamishia cha pili kwa dakika tano ili mabaki yasikaukie usoni. Gundi sugu iviringishie pamba iliyolowa, pamba ikizunguka kama gurudumu wala isiburutwe. Toa sarafu, isimamishe kwa ukingo, na ndani ya dakika moja imekauka. Fungua madirisha yote. Mvuke wa asetoni hushika moto kutoka mbali, kwa hiyo jiko, sigara na mshumaa viwe vimezimwa, siyo vimesogezwa.

Ute wa plastiki nimeutaja mara mbili kwa sababu ndio unaoharibu sarafu za watu waangalifu. Vile vifuko laini, vyenye harufu ya pazia jipya la bafuni, ni vya PVC. Plastiki hiyo hutoa kilainishi chake na asidi taratibu, na sarafu hushika utelezi wa kijani kibichi. Ukiwahi, asetoni inautoa wote. Ukichelewa miaka, umeshachimba.

Shaba yenye udongo ulioganda, baada ya maji, iwekwe kwenye mafuta ya parafini ya duka la dawa, yale meupe yasiyo na harufu ambayo watu hunywa kulainisha choo. Mafuta ya taa siyo. Wala mafuta ya zeituni, ambayo watu wengi huyaamini. Yana asidi yake hafifu na kwa mwezi mzima yanabadili rangi ya shaba. Parafini haina haraka: wiki moja hadi nne, na kila wiki unajaribu kuuchokoa udongo kwa kijiti cha meno au mwiba wa mlimau, chini ya kioo cha kukuzia cha mara 10. Mti ni laini kuliko shaba. Sindano na pini viko kinyume chake. Udongo ukikataa, rudisha kwenye mafuta. Ukimaliza, asetoni ya vikopo viwili huondoa mafuta.

Kuna neno la magadi, kwani najua mtu atalileta. Ni kweli kwamba wahifadhi wa makumbusho hutibu ugonjwa wa shaba kwa kemikali ambayo ndiyo kiini cha magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, gramu 50 kwa lita moja ya maji yasiyo na madini, wakibadilisha kwa wiki na miezi hadi kloridi iishe. Lakini wao hutumia iliyosafishwa. Magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na ukiyatumia unairudishia sarafu kile kile unachotaka kukitoa. Tiba hiyo pia hubadilisha rangi ya uso, hivyo sarafu ya thamani ipelekwe kwa mhifadhi.

Wengine husugua ili tu kujua kama sarafu ni fedha kweli, au huikata ukingo kwa tupa, au kuidondoshea asidi wanayoitumia wachimbaji wa dhahabu. Tone moja huacha doa la kudumu. Mzani wa sonara unajibu bila kidonda: rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, riale ya Maria Theresa gramu 28.07, shilingi ya simba ya fedha gramu 7.78. Iliyotumika sana itapungua kidogo. Inayopungua gramu nzima inatia shaka.

Kuhifadhi kuna mambo machache ila hayana msamaha. Ondoa mipira ya kufungia. Ina salfa, na inaiachia rupia mstari mweusi. Ondoa selotepu na vipande vya magazeti. Kila sarafu iwe na kifuko chake cha plastiki ngumu isiyonuka, vifuko viwe ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na redio. Vijifuko hivyo hujaa maji, kwa hiyo vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Kabati la mbao mbichi lenye harufu kali lisitumike. Mbao hutoa mvuke wa asidi.

Yote hayo ni kwa sarafu zilizorithiwa au kununuliwa. Iliyookotwa ardhini ni jambo jingine. Vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa vinavyotokea ufukweni baada ya mawimbi makubwa, na mfano wa zile zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, visioshwe hata kwa maji. Udongo uliovishika ni ushahidi, na mahali vilipolala panasema mengi kuliko vyenyewe. Tanzania Bara mambo ya kale yanalindwa kwa sheria tangu 1964. Kenya yanasimamiwa na Makumbusho ya Taifa. Weka alama mahali, piga picha, toa taarifa.

Nimalizie na wale ambao tayari wameufuata ushauri wa ndimu na chumvi, kwani wana siku chache za kuokoa kilichobaki. Msirudie kusugua ili kusawazisha rangi. Wekeni sarafu leo kwenye maji yasiyo na madini, kila moja na bakuli lake, mbadilishe maji kila siku kwa wiki mbili ili chumvi itoke. Kisha ipitisheni kwenye asetoni, maana inafukuza maji yaliyojificha kwenye vitundu, na muifungie ndani ya boksi lenye vijifuko vya kunyonya unyevu. Itazameni kila mwezi kwa mwaka mzima. Ikitokea nukta moja ya unga wa kijani, itengeni na nyingine na muirudishe kwenye maji.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga